Donge Lililopita Wakati wa Ubeti wa Tatu

Donge la damu lililoniletea kiharusi lilitoka mguuni, likapanda hadi moyoni, likapenya kwenye tundu ambalo lilipaswa kuziba nilipokuwa mchanga, kisha likaenda zake kichwani. Kwa makadirio ya daktari, lilipita hapo wakati nimeshikilia noti ya chini kabisa ya ubeti wa tatu, kwenye mazishi mjini Makambako, mbele ya waombolezaji wengi, wachungaji wawili na marehemu mmoja. Wote hao, isipokuwa marehemu ambaye sikuweza kumhoji, waliamini kwamba nimelewa ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Nirudi nyuma kwa utaratibu, maana utaratibu ndiyo kazi yangu. Niko masjala, katika ofisi ya serikali Njombe mjini. Ninalipwa ili nijue faili lipi liko wapi na nani alilishika mara ya mwisho. Jumapili na siku za misiba napuliza tarumbeta la besi katika kikundi cha usharika wetu wa Kilutheri. Besi ni lile kubwa ambalo ukilibeba watu wanakupisha mlangoni. Wenzangu wanapuliza wimbo. Mimi napuliza noti chache tu, zote za chini, na hakuna mtu aliyewahi kutoka ibadani akiimba sehemu yangu. Lakini siku besi lisipokuwepo, kikundi kizima kinalia kama birika lililosahauliwa jikoni. Kulipuliza kunataka ujaze kifua, ubane tumbo, usukume kama unayekwamua Fuso kwenye tope. Nimefanya hivyo miaka ishirini na mbili. Sijui kusuka wala kujenga, sina sauti ya kuimba. Hicho ndicho kitu pekee ninachokifanya vizuri mbele ya watu.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, nilikuwa natoka Yakobi kwa bodaboda. Pikipiki iliteleza kwenye mteremko, ikaniangukia mguu wa kushoto. Dereva aliinuka, akaikagua pikipiki yake mbele na nyuma, akaipa pole, ndipo akanikumbuka na mimi. Mfupa wa kifundo ulikuwa umepata ufa. Hospitali walinifunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka vidole hadi chini ya goti, wakasema wiki sita.

Wiki sita nikakaa. Mtu mwenye hogo, Njombe, wakati wa mvua, ana kazi mbili: kuota jiko la mkaa na kupokea wageni. Waumini walikuja na viazi. Wafanyakazi wenzangu walikuja na viazi na maswali kuhusu faili. Sikutembea zaidi ya kitandani hadi chooni, na hata huko nilikwenda kwa kujiandaa. Hogo lilipotolewa nikaukuta mguu umekonda na umepauka, kama nimeuazima kwa mtu mwingine. Siku ya tatu shavu la mguu huo likavimba, likawa la moto na likauma hata nikiwa nimekaa.

Mke wangu aliukagua, akaubonyeza kwa kidole.

"Damu imevilia hapa," alisema. "Lazima ichuliwe itawanyike."

Uchunguzi wake ulikuwa sahihi kabisa. Naliandika hili wazi kwa sababu madaktari baadaye walitumia mashine tatu kufika pale alipofika yeye kwa kidole kimoja. Tatizo lilikuwa kwenye tiba. Alichemsha maji, akachovya taulo, akapaka ile dawa ya kuchua inayonukia hadi macho yanatoka machozi, akanichua asubuhi na jioni kwa siku nne. Ana mikono yenye nguvu. Amelima viazi tangu utotoni. Donge la damu kwenye mshipa halichuliwi. Hilo tulikuja kuambiwa baadaye.

Siku ya tano mwalimu wetu wa matarumbeta akapiga simu. Mzee aliyenifundisha besi, ambaye alikuwa amestaafu na kuhamia Makambako, alikuwa amefariki. Anazikwa kesho.

"Kaka, mguu vipi?" aliuliza.

"Umevimba, Mwalimu."

"Na mdomo?"

"Mdomo mzima."

"Basi tunakupitia saa mbili. Besi halipulizwi kwa mguu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo lake mkononi. "Mguu huo unakwenda wapi?"

"Mazikoni."

"Ya mwalimu wako au ya kwako?"

Nilicheka. Tulicheka wote wawili, kwa kweli.

Tulikwenda na Noah moja, watu tisa na vyombo vyetu. Mimi nilikaa nyuma, besi mapajani, mguu wa kushoto umekunjwa chini ya kiti cha mbele kwa muda wote hadi Makambako. Na hapa lazima nikiri. Mwenzetu wa ngoma alikuwa na dumu la ulanzi kati ya miguu yake, mbichi, wa asubuhi ile, na msimu ulikuwa wenyewe. Alisema unatuliza maumivu. Nilikunywa kikombe kimoja cha plastiki, cha kijani. Wengine wote ndani ya gari walikunywa pia, Mwalimu akiwemo, isipokuwa dereva na mzee wa kanisa aliyekaa mbele kutusindikiza, ambaye alijifanya anaangalia barabara. Hakuna mwingine aliyepata kiharusi.

Makambako siku hiyo palikuwa na upepo wake wa kawaida, yaani wanawake walishika vitenge na wanaume walishika kofia, na mchungaji alishika kitabu cha ibada kwa mikono yote miwili. Tulipiga wimbo wa maziko wakati jeneza linashushwa. Ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Ubeti wa tatu una mahali ambapo wengine wote wanapumua na besi linabaki peke yake kushikilia noti ndefu. Mzee aliyekuwa anashuka kaburini ndiye aliyenifundisha kuishikilia pale bila kuiachia. Nikaishikilia. Nilitaka aisikie.

Ndipo vidole vya mkono wa kulia vikaachia vitufe. Havikuniuma, vilitoka kazini tu bila kuaga. Midomo ikalegea upande mmoja, na besi likatoa sauti. Kwa kuwa mimi si shahidi mzuri wa tukio hilo, baadaye niliwahoji watu saba waliosimama karibu. Watatu walisema ni sauti ya ng'ombe. Wawili walisema ni lori linalopunguza gia. Mmoja alisema ni kama mtu aliyejamba ndani ya pipa. Wa saba, mjane wa marehemu, alisema hakusikia kitu, na hata kama angesikia asingesema.

Nilitaka kusema "nishikeni". Kilichotoka ni "kamwene", salamu yetu Wabena.

Mchungaji, kwa adabu, akaitikia.

Nikajaribu tena. "Kamwene." Nikamwambia Mwalimu kamwene, nikaliambia kaburi kamwene. Lilikuwa neno pekee lililobaki kwenye ghala. Watu wakaanza kuinamisha vichwa, na kwa jinsi mabega yao yalivyotikisika haikuwa kwa huzuni. Mzee wa kanisa akaja, akanishika ukosi, akaweka pua karibu na mdomo wangu.

"Ulanzi," alitangaza, kama mwanafunzi aliyepata jibu peke yake darasa zima.

"Kamwene," nilimwambia.

"Kamwene na aibu yako! Mbele ya maiti!"

Hivyo ndivyo nilivyobebwa na kulazwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya msibani, juu ya magunia. Mahali pengine mtu akipinda mdomo na kuongea hovyo pengine watakimbilia hospitali. Kwetu, mwezi wa tatu, mpuliza besi mwenye harufu ya ulanzi anapelekwa kwenye magunia. Wakaniletea maji ya limau. Nusu yalinishuka shingoni. "Mwacheni alale, litamtoka," mtu alisema. Nilikuwa macho. Niliusikia wimbo wa mwisho ukipigwa bila besi, na ulilia kama birika.

Nilikaa pale karibu saa mbili. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anasonga ugali, simfahamu hadi leo. Alikuja kuchukua kuni, akasimama akaniangalia.

"Huyu mnasema kalewa?"

"Kalewa, mama," walimjibu. "Kamsalimia hadi marehemu."

"Mimi nimeishi na mlevi miaka ishirini," alisema. "Mlevi analegea pande zote. Huyu kalegea upande mmoja."

Akaniinua mkono wa kulia, akauachia. Ukaanguka puu. Akainua wa kushoto. Ukabaki juu. Akawageukia wale wanaume na mwiko wake. "Haya. Nani ana gari?"

Hospitali daktari wa zamu alitaka kujua saa kamili ambayo ilianza. Mwalimu, ambaye alikuwa amenisindikiza, alimjibu, "Ubeti wa tatu."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kabla ya mashada."

Daktari aliandika kitu, sijui nini. Walinipiga picha ya kichwa, wakasema mshipa mdogo upande wa kushoto umezibwa, wakanipa vidonge. Mke wangu alifika jioni kutoka Njombe. Kesho yake asubuhi alinilisha uji, nikasema, "Chumvi." Alilia kwa furaha kwanza, ndipo akaniuliza kama ninamaanisha imezidi au imepungua. Lugha ilirudi ndani ya wiki mbili. Mkono ulichukua miezi mitatu, na kidole kidogo bado kinafanya kazi kwa hiari yake.

Swali likawa: kwa nini? Nina umri wa miaka arobaini na sita, sina presha, sina sukari, sivuti sigara. Wakanipeleka hospitali kubwa zaidi, kwa daktari wa moyo, mwanamke kijana aliyechora moyo nyuma ya karatasi ya vipimo. Alinieleza kwamba mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, kwa hiyo damu yake inapita njia ya mkato, kamlango kadogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, kamlango kanajifunga na kuganda. Kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne hakagandi. Kanabaki kameegeshwa tu. Wengi wanaishi hivyo na kufa uzeeni bila kujua. Lakini ikitokea donge la damu limefika hapo, na siku hiyo mtu amejikaza kiasi cha kusukuma kamlango kakafunguka, donge linavuka badala ya kwenda mapafuni.

"Unafanya kazi gani ya nguvu?" aliuliza.

"Masjala."

"Unabeba mizigo?"

"Mafaili."

"Kitu kingine chochote cha kujikaza?"

"Napuliza besi, Daktari."

Akaweka kalamu chini.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu. Wanatikisa maji ya dripu hadi yatoe mapovu madogo, wanakudunga mshipani, kisha wanayafuatilia kwenye skrini yakiingia moyoni. Mapovu yangu yaliingia chumba cha upande wa kulia yakakaa hapo kwa heshima.

"Sasa jikaze," daktari alisema. "Kama unakwenda haja kubwa."

"Naruhusiwa kufanya kama napuliza?"

"Puliza."

Nikajaza kifua, nikabana midomo, nikaanza ile noti ya ubeti wa tatu bila chombo. Nilimwona daktari akisogeza kichwa karibu na skrini. Mapovu yalimiminika upande wa pili kama mbuzi walioona pengo kwenye uzio.

"Achia," alisema. Mimi nikaendelea, kwa mazoea. "Baba, achia! Umenijazia skrini!"

Nilimwambia mke wangu yote niliporudi nyumbani, kwa mpangilio, kuanzia mguuni. Nilipofika kwenye sehemu ya kuchua nilijaribu kuipita haraka, lakini yeye husikiliza kama mimi ninavyosoma.

"Kwa hiyo ni mimi niliyelisukuma," alisema.

"Daktari hajui. Huenda ni kuchua, huenda ni kukunja mguu kwenye gari. Huenda lingekwenda lenyewe."

"Lakini huenda ni mimi."

"Na aliyelifungulia mlango ni mimi."

Hakucheka. Walinipima mishipa ya mguu, na hawakuona donge lolote lililobaki. Maana yake ama lilikwenda lote, ama halikuwahi kuwa hapo na tunautuhumu mguu bure. Tangu siku hiyo mke wangu akipita karibu na mguu wangu wa kushoto anauzunguka, kama sufuria iliyotoka motoni.

Wakati haya yote yanaendelea, baraza la wazee wa usharika lilikuwa limekaa likaniweka marudi kwa kosa la ulevi kwenye maziko: nisishiriki Meza ya Bwana, na nisipulize chombo cha kanisa hadi nitubu. Barua ililetwa nyumbani pamoja na debe la viazi. Nilipoweza kutembea nikaenda kujitetea, na ripoti ya moyo ndani ya faili lenye namba.

Nilieleza kila kitu, kamlango, mapovu, mguu. Wazee walikuwa kumi na wawili. Nilipofika kwenye mtu mmoja kati ya wanne nikajikuta nawapitia kwa macho, nikijaribu kukisia ni watatu gani. Nadhani nao walikuwa wanakisia. Mmoja aliweka kiganja kifuani, akajifanya anatafuta miwani.

"Tundu hilo," aliuliza mwenyekiti, "mchungaji anaweza kuwa nalo?"

"Mtu yeyote, Mzee."

Mchungaji akakohoa, kisha akaonekana kujuta kukohoa.

Mzee aliyeninusa Makambako akasimama. "Tundu nalikubali. Karatasi ina mhuri. Lakini mimi nilinusa. Ulikunywa au hukunywa?"

Ningeweza kusema hapana. Mashahidi wote walikuwa wamekunywa dumu lile lile, na Mwalimu alikuwa anaangalia dari kana kwamba kuna noti zimeandikwa huko.

"Kikombe kimoja," nilisema.

"Ahaa!"

"Cha ukubwa gani?" mwenyekiti aliuliza, na wakajadili ukubwa wa kikombe kwa muda mrefu kuliko walivyojadili moyo wangu. Mwishowe waliandika kwamba marudi yanaondolewa kwa sababu ya tundu, na onyo linabaki kwa sababu ya kikombe. Niliomba nakala. Kanisa, basi, limeniruhusu kupuliza.

Waliobaki ni madaktari. Tundu linaweza kuzibwa bila kupasua kifua: wanaingia kwenye mshipa wa kinena, wanapanda hadi moyoni na kuacha hapo kifaa kama miavuli miwili midogo iliyopeana mgongo. Inafanyika Dar es Salaam. Yule daktari kijana anataka nizibwe, kwa sababu kazi ninayoipenda ndiyo hasa inayofungua mlango, na donge jingine huenda lisichague mshipa mdogo. Bingwa aliye juu yake anasema donge lilikuwa na sababu, hogo la wiki sita, na hogo limeshatoka. Tena mtu mmoja kati ya wanne ana tundu, kwa nini tulishtaki la kwangu wakati hakuna aliyeliona donge likivuka? Vidonge vinatosha, anasema. Kila mmoja amenieleza kwa kunionyesha picha ile ile.

Wiki iliyopita nilikutana nao wote wawili chumba kimoja. Niliwaambia kwamba wenzangu wamepiga misiba mitano bila besi, na kwamba nataka jibu la swali moja tu: napuliza, au sipulizi?

"Usipulize," alisema daktari kijana.

"Anaweza kupuliza," alisema bingwa. "Asishikilie noti ndefu tu."

"Daktari," nilimwambia, "noti ndefu ndiyo besi."

Wakaangaliana. Bingwa akachukua cheti changu, akaandika "ajadiliwe tena", akapiga mhuri. Sehemu ya tarehe ya kurudi aliiacha wazi. Nilipouliza, alisema watanipigia simu watakapokubaliana.

Hawajapiga.